Barua ya wazi kwa wanaosimamia bahari ya Mafia: potwe mmoja, boti kumi na moja

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia bahari, uvuvi na utalii,
Kisiwani na Bara.

YAH: POTWE WA KILINDONI NA WANYAMA WA VISIWA VIDOGO VINAVYOTUZUNGUKA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Waheshimiwa, poleni na majukumu. Naandika hadharani baada ya kuandika barua tatu za faragha kuhusu potwe, samaki mkubwa wa bahari yetu, na boti zinazomsumbua. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nami nikabaki na nakala. Ya pili niliambiwa nifuatilie Jumatatu, na Jumatatu nikaambiwa mhusika yuko safari. Ya tatu nilijibiwa kwa mdomo nikiwa kwenye korido: "Nahodha, suala lako tunalifanyia kazi." Hiyo ilikuwa Februari ya mwaka juzi. Kaskazi imevuma mara mbili tangu siku ile. Sitaitaja ofisi yoyote kwa jina, kwa sababu kila niliyoingia ilinielekeza kwa mwenzake, na si haki mmoja abebe lawama za wote. Jina langu na namba ya chombo changu mnavyo kwenye faili.

Mimi ni nahodha wa hapa Kilindoni, bandari ya kisiwa cha Mafia. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa nyavu, na nilianza kwa kufua maji (kuyachota na kuyamwaga nje) kwenye mashua yake kabla sijafika urefu wa kushika usukani. Mwaka wa kumi na nne huu nabeba wageni: kumwona potwe kuanzia Oktoba hadi Machi, kisiwani Juani kuona kasa wakiangua katikati ya mwaka, nyangumi wenye nundu wakipita nje wakati wa kusi, na mara chache, bahari ikiruhusu, visiwa vya mbali kama Nyororo na Mbarakuni. Kazi hii imesomesha watoto wangu. Nalisema mapema ili asije mtu kudai napinga utalii.

Kwa wasomaji wasiotujua, potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayeweza kuzidi mita 12. Ni papa, lakini papa asiyemng'ata mtu. Anafungua kinywa kipana kama mlango wa stoo na kuchuja vitu vidogo majini. Jirani zetu wa Kenya humwita papa shilingi kwa ajili ya madoa meupe ya mgongoni, kana kwamba kuna aliyemmwagia sarafu. Huja kwetu kwa sababu Mto Rufiji unatapika matope na rutuba upande wa pili wa mlango wa bahari, na rutuba hiyo hulisha uduvi, na uduvi ndio chakula chake. Wengi wanaoonekana hapa ni madume ambao bado hawajakomaa. Samaki huyu huchukua miaka zaidi ya 20 kufikia kuzaa, kwa hiyo wanaozunguka mbele ya bandari yetu ni vijana, kwa hesabu ya potwe.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Tunamfukuza samaki kwenye sahani yake.

Mtaniwia radhi, hili nitalieleza kwa kirefu, maana ndilo lililoniamsha usiku kuandika.

Ilikuwa Januari mwaka huu, maji mafu, bahari shwari kama imemwagiwa mafuta. Tulimkuta potwe wa kama mita sita, amesimama wima, mkia chini, kinywa juu, anafyonza uduvi. Uduvi walikuwa wengi kiasi kwamba ukichota maji kwa kiganja wanakurukia mkononi. Nilizima mashine mbali kidogo, wageni wangu sita wakashuka taratibu kwa ngazi. Kwa muda kama wa kunywa kikombe cha chai, ilikuwa asubuhi ya kuhadithia wajukuu.

Halafu zikaja. Niliambiwa baadaye kwamba kuna aliyepiga simu: "Yuko hapa, njooni." Nilihesabu boti kumi na moja, pamoja na yangu. Boti moja ya faiba, yenye mashine ya nguvu za farasi arobaini, ilipita kati ya wageni wangu na samaki, ikamkata njia mbele ili watu wake waruke usoni kwake. Waliruka kama watoto wanaoruka kutoka gatini. Mmoja alimshika pezi la mgongoni na kuburutwa, mwenzake anampiga picha, na mwongozaji wao anashangilia. Samaki akafunga kinywa, akazama. Akaibuka hatua mia mbili mbele. Mashine zikawashwa zote kwa pamoja, zikamfuata. Akazama tena. Mchezo huo uliendelea hadi saa tatu na nusu, jua lilipoanza kuwa kali na uduvi wakashuka chini. Mwanzo nilidhani nimemwona samaki akila. Nikikumbuka sasa, baada ya boti ya tatu kufika hakula tena asubuhi ile.

Alipoibuka mara ya mwisho alipita ubavuni mwangu, karibu kiasi cha kugusa kwa kasia. Ncha ya pezi la mgongoni ilikuwa imekatwa. Nyuma ya pezi kulikuwa na mikato mitano iliyopangana sambamba kama meno ya kitana, na ndani ya mikato nyama nyeupe. Kwa mtu wa pwani hiyo haihitaji daktari. Hilo ni panga la mashine ya boti. Sijui ni mashine ya nani na siku gani, wala simsingizii mtu.

Mgeni wangu mmoja, mama wa makamo kutoka Ujerumani, alikaa chini kwenye boti na miwani yake ya kuzamia mapajani, akaniuliza, "Nani ameruhusu hivi?" Nikamwambia nitamuulizia. Waheshimiwa, ndiyo nauliza.

Nikiri pia la kwangu. Mwaka wa kwanza na wa pili wa kazi hii nami nilikuwa namkata njia. Hatukufundishwa lolote, tuliona mgeni akifurahi, bahshishi ikaongezeka, tukadhani huo ndio ufundi. Aliyenibadilisha ni mzee mmoja mvuvi aliyeniuliza gatini, mbele ya watu, kama nami nikiwa nakula napenda kupigiwa honi sikioni.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hamjaambiwa. Zamani tuliamini potwe ni mpita njia, akiudhiwa atakwenda zake na mwakani watakuja wengine. Watafiti waliowafunga vifaa vinavyotoa mlio chini ya maji walikuta kwamba wengi hawaondoki Mafia. Msimu ukiisha husogea mbali kidogo na pwani na kukaa chini zaidi, ndiyo maana hatuwaoni. Madoa ya kila mmoja ni yake peke yake kama alama za vidole, na kwa kuyapiga picha wameshatambuliwa zaidi ya mia moja. Maana yake ni kwamba tunamfukuza samaki yule yule mwaka hadi mwaka. Ni mkazi wa Kilindoni kama mimi, tofauti yetu ni kwamba yeye hana pa kupeleka barua.

2. Ada inakusanywa nchi kavu, na baharini hakuna mtu.

Mgeni akitua analipia. Chombo kinalipia. Mwongozaji analipia kitambulisho. Sina ugomvi na ada. Nina risiti zangu zote kwenye kopo la maziwa. Ila katika miaka hii kumi na minne, watumishi wa umma niliokutana nao pale potwe wanapokula, wakiwa kazini, wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na wawili kati yao walikuwa wamesindikiza ugeni rasmi. Siku ya ugeni rasmi, kwa taarifa yenu, kila nahodha huwa mstaarabu.

Kanuni zipo. Nimeziona zimebandikwa ukutani ndani ya karatasi ya nailoni: usimguse, usimkaribie, usizidishe watu majini, usimmulike kwa taa ya kamera. Karatasi hiyo iko ofisini, mahali ambapo potwe hafiki na nahodha mkorofi hana haja ya kufika.

3. Nyavu za usiku.

Hapa lazima niseme kwa uangalifu, maana wavuvi ni ndugu zangu. Vibua na dagaa hupenda kuogelea kandokando ya potwe, kwa hiyo mvuvi akimwona potwe anajua samaki wapo, anazungusha wavu, na potwe anabaki ndani. Wavuvi wengi humwachia: wanashusha kamba ya juu, anapita. Inachukua muda na inapoteza sehemu ya samaki. Wengine, wakiwa na haraka au wavu ni wa tajiri wa mbali anayetaka mzigo ujae, humsukuma kwa pondo, mti wa kusukumia chombo, au kukata pale alipojinasa. Mvuvi anayemwachia potwe hapati hata senti katika fedha anayoleta potwe huyo huyo asubuhi inayofuata. Nadhani hilo ndilo kosa lenyewe. Kule Juani vijana wa kijiji hulinda viota vya kasa usiku, na mgeni akija kuona watoto wa kasa wakiangua, sehemu ya fedha inakwenda kijijini. Kwa nini jambo linalowezekana kwa kasa lishindikane kwa potwe?

4. Visiwa vidogo.

Nimewasifu watu wa Juani, lakini nao wanaelemewa. Watoto wa kasa wakitoka mchangani hufuata mwanga. Kwa maumbile yao mwanga ni bahari. Jioni moja, katikati ya mwaka jana, zilishusha watu boti nne kwa mpigo kwenye ufuo uleule. Waliosimama mbele walikuwa wamewasha taa za simu. Nilimwona mtoto wa kasa, hajazidi urefu wa kidole, ameshageuka na kuanza kupanda kurudi kwenye majani, akielekea simu ya mtu. Mlinzi wa kiota alikuwa mmoja, kijana wa kama miaka ishirini, anaomba kwa upole, "Zimeni taa jamani," na hakuna anayemsikia.

Kisiwani Chole kuna popo wakubwa wala matunda, wa aina inayopatikana Komoro, wanaoning'inia mchana kwenye miti mirefu. Siku hizi wageni huja na droni. Mwezi wa nane niliona moja ikirushwa saa saba mchana juu ya mti wao. Mti mzima uliruka kwa pamoja, ukazunguka kwenye jua, na majike waliobeba watoto kifuani hawakutua hadi baadaye sana. Mwenye droni alifurahi mno na picha.

Nyororo na Mbarakuni ni mbali, na kwa hiyo ndiko kunakoharibika kimyakimya. Ndege wa baharini hutaga chini mchangani, yai halina hata jani la kulifunika. Wavuvi wakipiga dago, yaani kambi ya uvuvi, huwasha moto pale pale. Nasi wabeba wageni tunashusha watu wakanyoshe miguu, membe wote wanaruka, mayai yanabaki kwenye jua la mchana kwa saa nzima. Sina la kuongeza hapo isipokuwa kwamba nami niliwahi kushusha watu, mara mbili, kabla sijaelewa kelele zile zilikuwa za nini.

5. Usalama wa watu wenyewe.

Kwa kifupi: boti kumi na moja zenye panga zinazozunguka katikati ya vichwa vya watu thelathini ni ajali inayosubiri siku yake. Baadhi ya boti hazina majaketi ya kuokolea yanayotosha waliomo. Siku mgeni atakapokatwa mguu, mkutano wa dharura utaitishwa jioni ile ile, na mafuta ya boti ya doria yatapatikana.

Waheshimiwa, nayajua majibu, maana nimeshapewa.

La kwanza ni kwamba Kilindoni iko nje ya mpaka wa hifadhi. Ni kweli. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza Tanzania, kilomita za mraba 822, ikakumbatia kusini na mashariki mwa kisiwa: Ghuba ya Chole, Juani, Jibondo. Potwe anakula magharibi, mbele ya bandari. Hakushirikishwa mpaka ulipochorwa. Lakini tangu 2016 ametajwa duniani kuwa miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka, na mwaka 2017 aliingizwa katika orodha ya ulinzi wa juu ya mkataba wa kimataifa wa wanyama wanaohamahama, ambao nchi yetu ni mwanachama. Na hata tukiuacha mkataba, kodi ya utalii inakusanywa pande zote mbili za mpaka huo, wala sijasikia mgeni akisamehewa kwa kuwa potwe aliyemwona alikuwa upande usio wa hifadhi.

La pili ni mafuta. Bajeti haitoshi. Mimi natumia lita kumi na tano kwa asubuhi nzima, kwenda na kurudi, na samaki mara nyingi wako karibu kiasi cha kuonekana ukiwa gatini na darubini. Siombi meli.

La tatu husemwa nikishatoka, lakini kisiwa ni kidogo, habari zinanifikia: "Huyo ana wivu wa biashara, wenye boti za kasi wanamzidi." Sawa, wananizidi. Basi wekeni sheria itakayonibana mimi kwanza. Ikisemwa boti moja kwa samaki mmoja, siku nyingine mimi ndiye nitakayekaa pembeni na wageni wananinunia, na nitakaa.

La nne ni ajira za vijana. Hapa nawaelewa, hata mimi nina kijana wangu kwenye kazi hii. Ila kule Ningaloo, magharibi ya Australia, wanaishi kwa samaki huyu huyu, na utaratibu wao haujawafukarisha: ndani ya mita 250 kuzunguka samaki inaruhusiwa boti moja tu, waogeleaji kumi kwa mara moja, mita tatu kutoka mwilini na nne kutoka mkiani, hakuna kugusa. Zilizobaki zinasubiri zamu. Wageni wanasubiri pia, tena wanalipa zaidi, kwa kuwa wanachokuja kukiona ni samaki anayekula, si mkia unaokimbia.

Ninachoomba hakihitaji bunge. Naomba kanuni ya zamu kama hiyo iwekwe kwa maandishi kwa eneo lote potwe wanapokula, ndani au nje ya hifadhi, na iwe na adhabu: leseni ya chombo isimame mwezi mmoja kwa kosa la kwanza, msimu mzima kwa la pili. Naomba boti moja ya doria kila asubuhi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne, Novemba hadi Februari, iwe na mtumishi wenu mmoja na mmoja kutoka kamati ya wavuvi ya ufukweni, anayezijua sura na namba za vyombo. Naomba sehemu ya ada, kiasi chochote kitakachokubaliwa mbele ya watu, iende kwa wavuvi wanaomwachia potwe wavuni na kuleta taarifa. Kila mwongozaji na nahodha apewe mafunzo ya siku mbili kabla ya kupewa kitambulisho, na anayefundisha awepo na wavuvi wazee, si mwenye kompyuta peke yake. Droni zipigwe marufuku juu ya popo wa Chole. Juani iwekewe idadi ya watu kwa jioni moja, na kijana anayelinda kiota apewe mamlaka ya kumwambia mtu zima taa, naye akazima. Nyororo na Mbarakuni tusishushe watu kabisa wakati ndege wanataga. Wataonekana vizuri tu kutoka kwenye boti.

Na naomba jibu la maandishi, lenye tarehe na sahihi, kabla ya mwisho wa Septemba. Oktoba uduvi wataanza kupanda, na boti zitakuwa zimeshapakwa rangi mpya.

Kama kuna atakayependa kuona kwanza, natoka gatini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nafasi ya mbele naiacha wazi, hailipiwi. Njooni bila ugeni rasmi, na mvae kofia.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Nahodha wa mashua ya wageni,
Kilindoni, Mafia.

Nakala:
Kamati ya wavuvi ya ufukweni – kwa taarifa.
Walinzi wa viota, Juani – kwa taarifa, na asante.
Ubao wa matangazo, soko la samaki.